Kijiko cha Uji cha Gobnait

Asubuhi Gobnait alinywesha ndama maziwa, kisha akajipakulia uji. Lakini hakuugusa kabla ya kuchungulia getini kuona kama kuna aliyeleta mtoto mgonjwa. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na pale kijijini Kilbrack watu huamini kwamba mtoto ambaye hakumwona baba yake ana dawa: akimpulizia kichanga mdomoni kabla yeye mwenyewe hajaonja chochote siku hiyo, utando mweupe wa ulimini huisha. Mwenye dawa hakatai mtu, wala haambiwi asante, maana shukrani huiharibu.

Asubuhi hiyo jirani yao Malachy aliingia jikoni amelowa chapachapa, mwanawe Ronan yumo ndani ya koti. Alisema mtoto amelia usiku kucha na hataki kunyonya. Gobnait akamfungua mdomo. Ulimi ulikuwa safi, hauna utando hata chembe. Mwili ulikuwa unachemka, shingo imekakamaa, na macho hayamtazami mtu.

"Simpulizii," akasema. "Huyu ni wa daktari."

Mama yake Gobnait, aliyekuwa kando ya meko, akamkata jicho. Malachy alihamaki.

"Umeanza kuringa, we mtoto? Ukikataa, dawa itakutoka."

"Basi initoke. Nikimpulizia utarudi nyumbani ukangoje apone, naye hatapona."

Malachy akasema hakuja kufundishwa na mtoto wa shule. Apulize kwanza, daktari baadaye. Mama naye akamsihi apulize tu, yaishe. Gobnait aliogopa, lakini hasira ilimzidi. Akachota uji kijiko kizima, akaumeza mbele yao.

"Haya, nimeshakula. Leo sina dawa. Tunakwenda kwa daktari au hatuendi?"

Mama akachukua ufunguo wa gari.

Daktari alimtazama Ronan mara moja tu, akaita gari la wagonjwa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alisema kama wangechelewa mpaka mchana, wangempoteza.

Ronan aliporudi kutoka hospitali, mnene na mwenye kelele zake, Malachy alimleta kwa kina Gobnait. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Gobnait, mwanangu," akasema, "asante."

Gobnait alishtuka, maana neno hilo hakuwahi kuambiwa na mgeni yeyote jikoni mle. Akamgeukia mama yake.

"Ipokee," mama akasema. "Pumzi ulizaliwa nayo, ndiyo maana haishukuriwi. Lakini kusema kweli kuhusu usichokiweza, huku wakubwa tunakufokea, hukuzaliwa nako. Hilo ulilifanya mwenyewe, na mimi nilikosea kukusihi."