Moyo Uliruka, Nikadhani ni Wivu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, tulieni mnisikilize, na msinicheke. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nane. Mjane siyo, mwenye mume pia siyo... Shule niliiacha mapema, Kiswahili nilikiokota kambini nikiwa mke wa askari. Lakini haya hayahitaji shule. Kidogo tu yangenizika!

Mume wangu, Mzee Ojok, alipotoka jeshini tulijenga nyumba yetu mtaa wa Mbuya, na mimi nikawa nauza mitumba soko la Owino. Mgongo ulipoanza kunisumbua, nikamleta Akello, binti wa shangazi yangu, kutoka Lira anisaidie kuuza. Ni mjane, lakini kwangu ni mtoto. Meno meupe, kiuno hakijui kuchoka. Nilimlisha, nikampa pa kulala. Nani angejua?

Basi nikaugua. Kuhara, kutapika, mpaka miguu ikawa kama nguo iliyoloweshwa. Binti yangu Apio akanipeleka hospitali. Daktari akapima damu, akasema chumvi fulani ya mwilini, potasiamu, imepungua sana, na hiyo ndiyo inayosaidia misuli na moyo kufanya kazi.

Akaniuliza maswali mengi. Vidonge gani nakunywa? Figo zimewahi kunisumbua? Mkojo napata? Nikamtajia vidonge vyangu vya presha, hata majani ninayochemsha kisirisiri. Akasema nimefanya vizuri kutaja, maana kuna vidonge vya presha vinavyoongeza hiyo potasiamu, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Ikizidi, inadhuru moyo.

Mimi nilitaka anichome sindano moja nirudi kwangu. Akatikisa kichwa. "Mama, hii ukiichoma moja kwa moja mshipani ni kaburi." Inachanganywa kwenye maji mengi, inashuka tone kwa tone. Nesi akayapima matone akiangalia saa, kisha akaninyooshea kidole kama mimi ndiye mtoto. "Jaja, bibi yangu, mkono ukiungua, midomo ikiwasha, moyo ukiruka, niite. Na hiki kidude cha kufungulia maji ni changu mimi, si chenu."

Nikakubali. Kumbe mgonjwa unaweza kulala na dawa mkononi na sumu nyingine kifuani!

Jirani yangu, Mama Sumaya, alikuja kuniona. "Bambi, pole dada, usiwe na wasiwasi na nyumba. Akello anakutunzia! Jana nimemwona na gauni lako, ile gomesi ya kijani, inamkaa sana. Na Mzee anakula samaki mpaka anajilamba vidole." Sauti ilikuwa ya pole, lakini macho yalikuwa yanacheka.

Gomesi yangu! Ile niliyovaa kwenye arusi ya mwanangu! Nikageukia ukuta. Nikamwona Akello jikoni kwangu, anageuza samaki kwa mwiko wangu. Nikamwona Mzee anacheka, yeye ambaye kwangu alikuwa amesahau kucheka miaka mingi. Mnajua wivu wa mtu mzee unavyouma? Kijana ana kesho ya kutafuta mwingine. Mimi ningetafuta nini?

Kesho yake mchana, Apio akiwa ameenda kuninunulia uji, Mzee akaja. Hakukaa vizuri. Kila mara simu, kila mara dirisha.

"Mama Apio, mbona hii maji inatembea kama kinyonga? Unataka kuzeekea hapa?"

"Nilishazeekea kwako," nikamjibu. "Nani anakungoja?"

"Wivu kwa umri huo! Si uwaachie watoto?" Akacheka. Kisha akainuka, akashika kile kidude na kukifungua, maji yakaanza kukimbia. "Haya, sasa utamaliza upesi." Akaondoka.

Dirishani nikamwona Akello getini, amevaa kijani, anamfuta Mzee jasho la usoni kwa leso. Mchana kweupe!

Mkono ukaanza kuungua, kutoka kwenye sindano mpaka begani. Nikasema ni hasira. Midomo ikawasha. Nikasema ni maneno niliyoyameza. Moyo ukaruka, ukanyamaza, ukaruka tena kama kuku aliyefungwa miguu... Nikasema, basi huu ndio wivu wenyewe!

Nesi akapita na toroli ya dawa, akaniuliza kwa mbali, "Jaja, uko sawa?" Nikasema niko sawa. Ningemwambia nini? Kwamba ajuza mzima namwonea wivu mtoto aliyekula ugali wangu? Haya ikanifunga mdomo.

Nikajaribu kukunja mguu. Ukakataa! Hapo Apio akaingia na uji. "Mama! Nani amefungulia hii maji?" Uji ukamwagika. Nesi akaja mbio akafunga, daktari akaitwa, nikabandikwa waya za kupimia moyo kifuani, nikachomwa dawa nyingine ya kuukinga moyo. Daktari alimwambia Apio kwamba wangechelewa kidogo tu, wangenifunika shuka.

Watu wengine wanasema Mzee alitaka kuniua. Hapana. Alikuwa na haraka tu, haraka ya mwanaume anayengojewa. Na hilo ndilo linaniuma zaidi... Hata kuniua hakufikiria. Hakunifikiria kabisa.

Sasa Mzee na Akello wanaishi mtaa wa Kabalagala, chumba cha nyuma ya baa. Wivu umeisha? Haujaisha! Nikipita huko bado nageuza shingo. Lakini nawasihi, ninyi na mama zenu: mkiwa na maji mkononi, msiupangie mwili sababu. Mkono ukiungua, sema. Moyo ukiruka, sema. Hata kama una uchungu wa nyumbani, sema, mwache musawo, daktari mwenyewe, ajue ni dawa au ni mume!

Niliporudi Mbuya niliwaita watoto na wajukuu wote sebuleni, nikawaambia: "Mgonjwa wa nyumba hii akitundikiwa maji, mtu asiguse mrija, hata awe na haraka ya kwenda mbinguni. Na baba yenu akija hapa, mpeni kiti, mpeni chakula, mwiteni baba. Lakini nikilazwa tena, asikae kando ya kitanda changu."