Alhamisi za Bihambwe

Siku ya soko pale Mushaki hupiti bila kukanyagwa. Kavuo alikuwa ameinama juu ya beseni la muuza jibini, kikwembe chake kipya cha njano amekikunja magotini kisiguse tope, lori lilipoanza kurudi nyuma likipiga honi. Akaruka. Jibini moja la mviringo likabingirika hadi chini ya gurudumu.

"Pole, dada," dereva alisema akishuka. Alikuwa kijana mrefu, kofia ya sufu kichwani, meno meupe ya mtu aliyelelewa kwa maziwa.

"Nani sasa atakula fromage yenye alama ya pneu?"

"Mimi. Nitaikula hapa mbele yako mupaka ucheke."

Kavuo akacheka kabla kijana hajaonja. Aliitwa Gisubizo, mtoto wa wafugaji wa Burungu ambao vita viliwamalizia ng'ombe wote. Kavuo naye alikuwa binti wa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka Masisi mjini, na siku ile alikuwa anarudi huko kuanza kazi kwa Papa Symphorien, mwenye malori. Lori lenyewe lilikuwa la Papa Symphorien. Mungu akitaka kukutania hakosi gari.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita mwezi, simu zikawa hazipoi.

"Uko wapi, sheri?"

"Niko Mushaki, nakuwaza."

"Muongo. Uko nawaza chakula."

"Chakula yenye wewe utapika."

Kazi ya Kavuo ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kutazama nukta nyekundu zikitembea barabarani. Kila nukta ilikuwa lori, na ndani ya kila lori kulikuwa na mtu. Papa Symphorien alifunga mtambo huo baada ya lori lake moja kutekwa njia ya Walikale, na madereva walikubali kwa sababu hiyo tu: wakipatwa na jambo, wajulikane waliko. Wenyewe waliuita Jicho. Lakini jicho likishafunguliwa halichagui la kuona. Bosi akaanza kuuliza nani anapumzika sana, nani anakula polepole. Na Kavuo, sitamfichia, akaanza kumchunga mpenzi wake.

Alhamisi moja nukta ya Gisubizo iliacha barabara pale Bihambwe, ikatulia kando ya zizi. Kavuo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Njiani, sheri. Niko natelemuka Mushaki."

Nukta haikuwa inateremka popote.

"Kuko shida?" Gisubizo aliuliza.

"Hakuna kitu. Endesha muzuri."

Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Moyo wenye wivu haungoji ushahidi, hujipikia wenyewe. Kavuo alimwona kabisa huyo mwanamke wa Bihambwe, mrefu, shingo ya mapozi, anamimina maziwa huku akicheka. Hivyo Papa Symphorien alipokuja kuuliza nani anapoteza wakati barabarani, Kavuo angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

Asubuhi bosi alisimama uani, madereva na wapakiaji wote wakisikia. "Gisubizo! Kila siku ya ine, kila Alhamisi, Bihambwe, kwa zizi ya Makuza. Unafanyaka nini kule na gari yangu? Weka funguo hapa."

Gisubizo aliweka funguo. Kavuo alimkuta kwenye geti.

"Mwanamuke wako anaitwa nani?" alimuuliza.

"Iko ngombe, Kavuo. Ngombe moja tu. Kwetu ngombe ya mahari hatuisemake kabla baba ya binti aione. Niliificha kwa Papa Makuza, sababu huku zote ziko zinaibiwa." Alitazama uani. "Sasa uwanja muzima inajua kwenye iko."

"Gisubizo, sikujua."

"Hukuuliza. Uliniangalia tu."

Akaondoka kwa miguu kwenda kumhamisha mtamba wake. Kavuo alibaki amesimama pale getini, na aibu ikamchoma kuliko wivu ulivyomchoma.

Alirudi uani. Madereva walikuwa bado hawajaondoka.

"Papa Symphorien, ulibaambia badereva hii machine iko ya kubalinda. Wewe ukaitumia kwa kubahukumu. Mimi nikaitumia kwa wivu yangu. Bote wawili tulibaibia."

"Gari iko yangu, binti."

"Gari iko yako, Papa. Muntu hapana."

Bosi alifoka, akatishia kumfukuza kazi. Ndipo mzee Honoré, aliyeendesha njia ya Walikale tangu ujana wake, akaweka funguo zake chini, na wengine wakaweka zao. "Tulikubali jicho ya kutafuta bezi ba gari," alisema kwa upole. "Haiko jicho ya kutuchunga sisi." Papa Symphorien hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. Jioni alikubali Jicho lifunguliwe tu gari likichelewa au dereva akiomba msaada, na Gisubizo arudishiwe kazi.

Lakini Gisubizo hakuonekana. Risasi zilianza kulia upande wa Bihambwe, watu wakashuka na magodoro kichwani, na simu yake ikawa haipatikani. Kavuo aliacha kula. Kompyuta ilikuwa mbele yake, na hakuna nukta hata moja iliyokuwa yeye.

Siku ya soko simu ikalia.

"Uko wapi?" sauti iliuliza.

Kavuo akaanza kulia.

"Kavuo. Nimeuliza uko wapi."

"Ofisini. Na wewe?"

"Haunione kwa machine?"

"Siangaliake tena. Naulizaka tu. Uko wapi, mupenzi?"

"Honoré alinikuta njiani, akanieleza vile ulisema mbele ya bote. Niko mbele ya boutique ya baba yako. Ngombe inakula muhogo ya mama yako, na bantu banauliza iko ya nani. Nijibu nini?"

Kavuo alikimbia viatu mkononi. Alimkuta Gisubizo amejaa vumbi, amekonda, kamba mkononi, na Papa Muhindo amesimama mlangoni kwa mshangao wa Mnande wa Butembo aliyezoea mahari ya mbuzi.

"Hii ngombe iko ya nani?" baba aliuliza.

"Iko yangu, Papa," Kavuo alisema, akaipokea kamba.

"Na huyu muntu?"

"Huyu, Papa, umuulize yeye mwenyewe."