Plagi Nane Katika Kasha la Mayai

Kila Alhamisi akitoka shule, Raelynn Hutchins, msichana wa miaka kumi na miwili, alikula kipande cha mkate wa mahindi, akavaa ovaroli na kuingia gereji. Humo ndimo ilimokaa pikapu ya mashindano ya mama yake, Twyla, yenye injini iliyoongezwa nguvu. Katika mbio zilizopita injini iligongagonga ndani, kisha gari likaishiwa nguvu.

"Zifungue plagi zote nane," Mama alisema Alhamisi hii, akienda dukani. "Zipange kwenye kasha la mayai, kila moja kwa namba ya silinda yake."

Plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ndani ya injini, zilitoka na masizi. Raelynn aliona haya kumkabidhi mama yake vitu vichafu namna ile. Akazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa.

Mama aliporudi alikunja uso. "Nyeupe hivi? Ndivyo zilivyotoka?"

Raelynn alichanganyikiwa. Tangu lini usafi ukawa kosa? Akaogopa. "Ndiyo, Mama."

"Basi zote zinazidiwa na joto, ndilo huzigeuza nyeupe. Tutafunga plagi za baridi, halafu niongeze petroli silinda zote."

"Za baridi? Si zinatoa moto?"

"Zinatoa cheche ileile, ila zinapoa upesi. Nikikosea kipimo, pistoni itatoboka kwenye mbio za Jumamosi. Hatuna injini nyingine."

Binamu ya Raelynn, Dalton, aliingia gereji, akachungulia ndani ya kasha. "Lo! Zinang'aa kama meno ya mchungaji! Ungezipaka na losheni, Rae."

Raelynn hakucheka. Mama alikuwa tayari amefungua kompyuta ya gari ili aongeze kipimo cha petroli.

"Mama, usiguse petroli! Zilikuwa chafu. Nilizisugua mimi. Nilidhani utafurahi."

Mama alifunga kompyuta taratibu. "Umenifutia barua kabla sijaisoma. Rangi ya plagi ndiyo hunieleza hali ya injini."

Walifunga plagi mpya, wakipima pengo la cheche kwenye ncha ya kila moja. Mama aliendesha pikapu kwa kasi kwenye njia ya shambani, akaizima ghafla ili rangi za plagi zisibadilike. Injini ilipopoa, Raelynn alizifungua tena, mkono mmoja kautia mfukoni usije ukafuta chochote.

Saba zilikuwa na rangi ya biskuti, ishara kwamba ziko sawa. Ya silinda ya sita ilikuwa nyeupe, na juu yake vitone vidogo vinavyometa.

"Hizo ni chembe za pistoni iliyoanza kuyeyuka," Mama alisema. "Kumbe ni silinda moja tu! Nozeli yake ya kupulizia petroli imeziba, haipati ya kutosha."

Waliibadilisha, wakafunga plagi nyingine mpya, wakajaribu tena. Safari hii zote nane zilitoka na rangi moja, ya biskuti.

"Sasa nisikilize," Mama alisema akifuta mikono. "Kujituma ni kuzuri, lakini uliza kwanza kazi inataka nini. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajajenga juu ya kosa lako. Leo ulichelewa kidogo tu. Jumamosi spana utashika wewe."

"Na brashi?"

"Brashi nimeifungia kabatini."