Mshonaji Apanda Ndege

Kinyozi alikuwa na kibanda karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege ilipopita juu, mkasi wake ulisimama. Aliinua kichwa, akataja aina ya ndege, kisha akaendelea kunyoa. Wateja walishazoea. Wengine hata nywele hawakuwa nazo. Walifuata mazungumzo tu, maana benchi lake lilijaa wapenzi wa ndege.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa nyuma ya pazia, humo humo kibandani. Alisikia kila neno.

"Angani kuna mashimo," muuza viatu alisema siku moja. "Ndege ikitumbukia, inashuka puu."

"Na mabawa yanapinda," kinyozi alikoleza. "Yakizidi kupinda, kwisha habari."

Nyuma ya pazia, cherehani ilinyamaza kidogo.

Wiki hiyo hiyo binti yao alipiga simu kutoka mji wa mbali.

"Mama, daktari anasema nitajifungua kwa upasuaji. Ni Jumatatu. Mume wangu yuko safarini kikazi, nami naogopa kuwa peke yangu. Nimewakatia tiketi za ndege, wewe na baba."

"Nitakuja, mwanangu," mama alijibu. "Lakini kwa basi."

"Basi ni safari ya siku mbili, mama. Na miguu yako inavyovimba? Likiharibika njiani je?"

Mama alikata simu, akamweleza mumewe.

Kinyozi alishangaa. "Mke wangu, watu wanalilia kupanda ndege, wewe unaikataa?"

"Si wewe uliyesema mabawa yanavunjika?"

"Mimi? Yale yalikuwa maneno ya kupitisha wakati."

"Basi yamepita, yakaniingia tumboni. Kutoka hayataki."

Kinyozi aliona aibu. Alikwenda kumwita jirani yao, fundi wa kutengeneza ndege. Mtaa mzima ulimwita Mama Injini. Alikuja na ovaroli yake ya kazini, akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Niambie dada, unaogopa nini hasa?"

"Kwanza hayo mabawa."

"Kwa nini unatia lastiki kwenye kiuno cha sketi?"

"Ili kivutike. Bila hivyo mtu akikaa, sketi inachanika."

"Na bawa ni hivyo hivyo. Limeundwa ili lipinde. Lingekuwa gumu, ndiyo lingevunjika. Kiwandani wanalipinda kwenye majaribio zaidi kuliko upepo unavyoweza kulipinda, kabla ndege haijabeba abiria."

"Na mashimo?"

"Hakuna mashimo. Hewa inapanda na kushuka, kama maji ya mto yanayopita kwenye mawe. Ndege inatikisika kama gari kwenye barabara mbovu. Anayeumia mara nyingi ni yule ambaye hakufunga mkanda. Kwa hiyo ukikaa, funga, hata kukiwa shwari."

Kinyozi alijikohoza. "Na mtu akifungua mlango kule juu?"

"Hawezi, shemeji. Hewa ya ndani inaubana. Hata wanaume wote wa mtaa huu wakiuvuta, watatoka jasho bure."

Mshonaji alicheka kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo ndege haianguki?"

"Nikisema haianguki kamwe, nitakudanganya. Lakini ajali zake ni chache mno. Barabarani watu wanaumia wengi zaidi, ila tumezoea."

Mshonaji alitazama miguu yake, akawaza juu ya mwanawe. "Haya. Nitapanda."

"Vizuri. Mkasi wako mkubwa uweke kwenye begi litakalokwenda kwenye sehemu ya mizigo, usiingie nao ndani. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna peremende. Na chezesha miguu mara kwa mara, au simama utembee kidogo taa ya kufunga mkanda ikizimwa."

Siku ya safari walifika uwanjani mapema. Ndege ilikimbia, ikainua pua. Ghafla chini ya miguu yao kukasikika kishindo. Kinyozi akashika mkono wa mkewe.

"Kuna kitu kimekatika," alinong'ona.

Hilo hakuwa amemuuliza Mama Injini. Mkewe naye hakukijua kishindo hicho. Akamwita mhudumu.

"Ni magurudumu yanakunjwa, mama," mhudumu alisema kwa tabasamu. "Na sasa mtasikia injini zikipungua sauti. Ni kawaida."

Kweli, sauti ikapungua. Baadaye, juu ya mawingu, ndege ikaanza kutikisika. Kinyozi akafumba macho.

"Hakuna shimo, baba," mkewe alimwambia. "Ni barabara mbovu tu. Mkanda umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi legeza mkono wangu. Kucha zako ni ndefu kwa mtu anayeitwa kinyozi."

Walitua mchana. Miguu ya mama ilikuwa mizima. Jumatatu asubuhi alitembea na binti yake hadi mlango wa chumba cha upasuaji, amemshika mkono. Akamwachia pale tu nesi alipomwomba.

Muda si mrefu nesi alirudi na kichanga kilichofungwa kwenye shuka, kikilia kwa nguvu.

"Mama mtu anaendelea vizuri," alisema. "Anataka kujua kama mama yake bado yupo."

"Mwambie nipo hapa hapa," bibi alijibu, akapokea mjukuu kwa mikono miwili. Akamwinamia sikioni. "Tumekuwahi, bibie."