Jiwe Lililomeza Sauti

Jiwe lilikuwa bado na joto. Si la kuunguza. Joto la kikombe ambacho mtu ametoka kukinywea chai. Mtaalamu wa mawe aliligusa, akaondoa mkono, akaligusa tena. Lilikuwa limeanguka wiki iliyopita. Lilipaswa kuwa baridi kama kigae lilicholazwa juu yake.

Lilitoboa bati la chumba cha kushonea cha mdogo wake, likavunja meza, likatua katikati ya vitambaa: jeusi, kubwa kama nazi, ganda lake limeyeyuka mithili ya lami. Mdogo mtu hakuumia hata ukucha. Ila alipofungua kinywa kuita majirani, sauti haikutoka. Hospitali walimpima koo wakasema ni zima kabisa. Tangu hapo, mwanamke aliyepachikwa jina la Redio kwa kuongea akawa anagonga ukuta akitaka maji.

Mumewe alikwenda kwa mganga. Mganga akamweleza kuwa vimondo ndivyo wanavyopigwa navyo majini wanaotega sikio kwenye siri za mbinguni. Hili limempata mmoja, ameshuka nalo, na sauti ya mke ndiyo fidia aliyojichukulia. Lifukiwe zima kwenye shimo refu. Lisikatwe, lisipewe jina.

Dada mtu alimsikiliza shemeji yake kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema wakilifukia jiwe, na sauti watakuwa wameifukia.

"Mwizi hachimbiwi shimo la kufichia mali, shemeji. Nitalikata."

Akalipeleka maabara. Fundi wa kukata mawe, mtu mzima aliyezoea kupiga mluzi akifanya kazi, siku hiyo aliacha mluzi. Mchana kweupe, jiwe likiwa limefungiwa kabatini, chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Daktari," alinong'ona, "kuna mtu anapumua humo."

"Namsikia. Washa msumeno."

Fundi alitikisa kichwa, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Mtaalamu hakumlaumu. Alilitoa jiwe, akalibana kwenye mashine, akawasha mwenyewe, na maji ya kupoza yalipoanza kutiririka juu ya lile ganda jeusi yakatoa mvuke, taa zikafifia, pumzi iliyokuwa kabatini sasa ikawa shingoni mwake, yenye joto, ya taratibu, kama mtu anayechungulia juu ya bega lake, na kutoka ndani ya jiwe, chini ya kelele za mashine, ikaja sauti aliyoilea tangu ikijifunza kutamka.

"Dada. Usinikate, dada. Naumia."

Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Hiyo sauti si yako," alisema. "Iteme."

"Ukinikata na yeye anakatika."

"Ungekuwa na uwezo huo usingenibembeleza."

Akausukuma msumeno.

Kilio kilichotoka hakikuwa cha mdogo wake wala cha binadamu. Kilipita kwenye meno ya fundi, kikapasua vioo vya dirisha, kikapanda mpaka masikio yakashindwa kukisikia ila mifupa ikaendelea kukihisi, halafu jiwe likaachana vipande viwili na chumba kikawa kimya. Simu ya mtaalamu ikaita.

Ilikuwa sauti ya Redio, imekwaruza, ikilalamika kwamba mumewe amempikia uji hauna chumvi wala sukari. Aliongea bila kupumzika. Dada yake alikaa sakafuni kwenye maji, akamwacha aongee.

Kazi ikaendelea. Ndani jiwe lilikuwa la kijivu, limejaa chembe za mviringo kama mtama, chembe ambazo mawe ya dunia hii hayana. Sumaku ililivuta kidogo tu. Alisaga kipande hadi kikapitisha mwanga, akakiweka chini ya hadubini, akapima madini yake, na mwishowe akatamka mbele ya fundi: kimondo cha mawe, cha kundi lenye chuma kidogo. Akakipa jina la mtaa kilikoangukia, likapelekwa kwa wanaosajili vimondo vya dunia nzima, nao wakalikubali.

Jioni moja alikirudia kile kipande kukipiga picha. Chembe moja, katikati kabisa, ilijisogeza kukimbia mwanga. Ikajibana nyuma ya nyingine. Ikatulia.

Fundi, aliyekuwa akichungulia pembeni yake, aliuliza kwa sauti ndogo kama bado wanaweza kulifukia jiwe.

Mtaalamu alikaza jicho kwenye lenzi. Mkono wake ukatafuta kitufe cha taa, akaizidisha hadi mwisho.

"Tumeshakupa jina na kukuandika," aliiambia ile chembe. "Utajificha wapi?"