Kitanda Namba Ishirini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ipsita alimsomea bibi yake. Alisoma maelezo ya kwenye chupa ya dawa ya magoti, akasoma ujumbe wa baba kwenye simu, na siku za mgao wa chakula cha serikali akasoma kadi ya mchele. Bibi Kuntala hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, wala hakuona haya kulisema. "Macho yangu ya kusomea yako kichwani kwa mjukuu wangu," aliwaambia majirani. Ipsita, mwenye miaka kumi na miwili, alivimba kichwa kwa fahari.

Basi baba alipotuma kwa simu tiketi ya treni ili wamfuate mji wa Surat, alikokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo, Ipsita ndiye aliyeisoma. Ilikuwa safari ya siku moja na nusu. Tiketi ilikuwa moja yenye majina mawili: Kuntala Sahu, miaka sitini na sita, kitanda namba ishirini, chini. Ipsita Sahu, miaka kumi na miwili, kitanda namba ishirini na mbili, juu.

Moyo ukamnywea. Rafiki yake Lipi, aliyesafiri njia hiyo mwaka uliopita, alikuwa amemwambia, "Omba upate cha chini, shoga. Mwenye cha chini ndiye mwenye dirisha, hakuna wa kumbandua. Ukipewa cha juu, utahesabu misumari ya dari mpaka Surat!"

"Imeandikwaje?" Bibi akauliza.

Ipsita akaitazama simu, kisha akamtazama paka aliyelala mlangoni. "Mimi chini, Bibi. Wewe juu."

Bibi akalisugua goti lake. "Juu? Mbona makubwa! Haya, kilichoandikwa kimeandikwa."

Walipanda treni stesheni ya Brahmapur alfajiri. Ipsita akakaa dirishani, kidevu kwenye nondo za dirisha, upepo ukimpeperusha nywele. Mikorosho ikapita, mashamba yakapita, watoto wakapunga mikono kando ya reli. Bibi alikaa katikati ya benchi, kwa maana mchana kitanda cha chini ni kiti cha wenye vitanda vyote vitatu, cha chini, cha katikati na cha juu. Upande wake wa pili alikaa Trinath, fundi wa mitambo ya kufuma nguo, ambaye kitanda chake kilikuwa cha katikati. Benchi la mbele yao, nalo kitanda cha chini, lilikuwa la Mamita, mama kijana mwenye mtoto wa miezi sita.

Mkaguzi wa tiketi alipofika, Ipsita alimnyoshea simu bila kumtazama usoni. Lakini mkaguzi alitazama simu, akawatazama wao wawili, akatia alama kwenye orodha yake na kwenda zake. Ipsita akashusha pumzi, akarudi dirishani.

Kufikia saa sita behewa lilikuwa limepata joto la tanuri. Muuza chai akapita, Bibi akatikisa kichwa. Muuza maji akapita, akatikisa kichwa tena. Ipsita akatoa bisi za mchele na vitunguu walivyofunga nyumbani. Bibi akala punje chache na kusukuma chupa ya maji pembeni.

"Mama, kunywa japo funda moja," Trinath alisema. "Jua la huku halina masihara. Mimi mwaka wa tisa huu napita hapa, na bado linanipiga."

"Nimeshiba, baba. Kunyweni ninyi."

Saa tisa alasiri, walipokuwa wakikaribia stesheni ya Titilagarh, kichwa cha Bibi kiliinama kifuani. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na mikono ilikuwa ikimtetemeka.

"Bibi!" Ipsita akapiga kelele, akiacha dirisha. "Bibi, una nini?"

"Kizunguzungu tu."

Trinath akamshika kiganja. "Huyu mama hajanywa maji tangu alfajiri! Mama, kwa nini unajitesa?"

Bibi akanyanyua macho kuelekea kitanda cha juu, karibu kabisa na dari, na ile ngazi yake nyembamba ya chuma. "Usiku nitalala kule," akasema kwa sauti ndogo. "Nikinywa maji, nitashuka kwenda chooni mara ngapi? Kwa magoti haya? Kupanda mara moja nitajikaza. Mara nne sitaweza, nitaanguka."

Behewa lilikuwa na kelele za kila namna, lakini Ipsita hakuzisikia.

"Changu ni cha katikati, nacho hakikufai," Trinath akasema, akikuna kichwa.

Mamita hakungoja. "Mama, utalala hapa kwangu. Mimi nitapanda juu na mtoto." Akaanza kukunja nguo za mtoto alizozitandaza kwenye benchi.

"La, mwanangu! Na kichanga hicho?"

"Nitamfunga kifuani kwa kanga. Wewe kunywa maji."

Ipsita akakitazama kitanda kile cha juu. Akamtazama mtoto, aliyekuwa akicheka na kunyonya kidole cha mguu. Aliogopa, tena aliona aibu. Lakini alijua kwamba akinyamaza sasa, mtoto yule atalala pale juu kwa sababu yake.

"Dada, usihame," akasema. Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Bibi, kitanda cha chini ni chako. Namba ishirini, jina lako. Mimi ndiye wa juu. Nilikusomea uongo. Nilitaka dirisha."

Trinath akamgeukia. "Lo! Kumbe tumesafiri na karani mla rushwa, na rushwa yenyewe dirisha!" Lakini hakucheka sana. Alikuwa akikoroga chumvi na sukari kwenye chupa ya maji, akamkabidhi Ipsita. "Mnyweshe mwenyewe. Kidogo kidogo."

Ipsita alimnywesha Bibi chupa nzima. Baada ya muda mikono ya Bibi ikatulia, naye akanyoosha miguu kwenye benchi. Ipsita akakaa mwishoni na kuanza kumkanda magoti.

"Nisamehe, Bibi."

"Dirisha ungeniomba, ningekupa," Bibi akasema. "Mimi nina haja gani na mikorosho? Nimeiona miaka sitini. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ninapokuuliza imeandikwaje, ninafumba macho yangu na kutazama kwa yako. Anayejua kusoma akidanganywa, atasoma mwenyewe aujue ukweli. Mimi nitakwenda wapi? Leo umenidanganya kitanda. Kesho je, ikiwa ni chupa ya dawa?"

Ipsita aliinamisha kichwa, akaendelea kukanda.

"Elimu ni amana," Bibi akasema. "Umepewa uitumie kwa ajili yako na ya asiyenayo. Ukiitumia kumpunja, ni afadhali usingesoma. Haya, futa kamasi hizo. Nipe maji mengine."

Jioni Ipsita alipanda kitandani kwake juu. Misumari ya dari ilikuwa kumi na mmoja. Aliihesabu mara mbili, akalala usingizi mzito, na chini yake Bibi akanywa maji na kwenda chooni kila alipotaka.

Kesho yake mchana treni ilipunguza mwendo. Watu walisimama, wakavuta mizigo, wakaita "Surat! Surat!" Bibi alikuwa amekaa dirishani, na Ipsita kando yake. Kibao kikubwa cha njano chenye jina la stesheni kikasimama mbele yao.

"Imeandikwaje?" Bibi akauliza.

Watu wote walikuwa wamekwisha kulitaja jina, lakini Ipsita aliinama na kukisoma kibao chote kwa makini. "Kuna mistari mitatu, Bibi. Mmoja siujui, ni herufi za watu wa huku. Miwili ninaijua. Inasema Surat."

Bibi akamshika bega, akasimama taratibu.

"Basi tushuke," akasema. "Macho yangu yamepona."