Hosea Akata Kadi

Verlene Whitlow alikuwa mpishi wa shule mjini Toledo. Kila asubuhi alikoroga uji wa mahindi, akamfungia mumewe mkate, kisha akaenda kazini. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba, Bwana Gorski, aliamua kuiuza. Aliwapa miezi sita wainunue, la sivyo wahame.

Verlene hakutaka hata kusikia neno kuhama.

Jumapili moja mguu ulimuuma, hakwenda kanisani. Mumewe, Hosea, alirudi anacheka.

"Mama, tuko huru! Mchungaji kaleta mkasi na bakuli, kila mtu kakata kadi zake za mkopo. Mimi nimekata mbili, nikapiga simu zifungwe kabisa. Nimebakiza ile moja yenye deni."

"Kadi zina majina yetu wote wawili. Umezifunga bila kuniuliza?"

"Deni ni utumwa, mke wangu."

"Na kutoniuliza ni nini?"

Hosea aliangalia viatu vyake.

Wiki tatu baadaye walikwenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Afisa alitazama alama zao za mkopo, namba inayoonyesha kama mtu ni mlipaji mzuri. Zamani zilikuwa 702. Sasa zilikuwa 648, na benki ilitaka 680. Walinyimwa.

Bwana Gorski aliposikia, alicheka. "Nilijua. Ninyi ni watu wa kupanga tu."

"Miezi yangu haijaisha," Verlene alijibu. "Ikiisha, ndipo ucheke."

Odessa, dada yake Hosea, alikuwa na dawa yake. "Wifi, chukua kadi sita mpya! Mimi ninazo tisa."

"Na simu ya wanaokudai ikilia unajificha chooni. Sitaki, wifi yangu."

Jioni alimwendea jirani yake, Inez, karani wa chama cha kuweka na kukopa. Alifika amefura kwa hasira, akamsimulia yote ya kadi na benki.

"Inez, niambie ukweli. Mtu anatakiwa awe na kadi ngapi?"

"Hakuna idadi maalumu, shoga. Mbili au tatu zinawatosha watu wengi, mradi uziweze. Zenu tatu ziliruhusu mkope dola ngapi?"

"Elfu kumi, na iliyobaki ni ya elfu tatu. Deni letu ni elfu moja na mia nane."

"Basi mlikuwa mmetumia sehemu ndogo, chini ya moja ya tano. Sasa mmebaki na kadi ya elfu tatu, na deni ni lile lile. Mnaonekana mmetumia zaidi ya nusu. Hapo ndipo alama zilipoporomoka."

"Kumbe! Hatukukopa hata senti, tukaonekana wakopaji!"

"Ndiyo. Kadi ya zamani isiyotozwa ada, iache wazi. Itumie kununua kitu kidogo, ulipe deni lote kwa wakati. Na usiombe kadi mpya ovyo, kila ombi linaweza kukupunguzia alama. Kesho wapigie simu waliofunga. Wengine hukubali kufungua tena, ukiwahi."

Kesho yake Verlene alipiga simu. Kampuni ya kwanza ilikataa. Ya pili, ya kadi ya dola elfu nne, ilimwambia asubiri, ikamwambia tena asubiri. Alisubiri saa nzima na simu sikioni, huku akimenya viazi. Mwishowe wakaifungua.

Hosea alimwangalia kwa aibu. "Nisamehe. Nilitaka tupumue."

"Tutapumua tukilipa. Kuanzia leo kila mwezi tunatoa dola mia tatu. Na ule mshipi mpya wa kuvulia unaoutaka, usahau."

"Mshipi gani? Ni ndoano tu!"

"Hiyo pia uisahau."

Walilipa miezi minne, bila kuchelewa hata siku moja. Deni likabaki dola mia sita. Alama zikapanda hadi 691, na benki ikakubali. Afisa alitabasamu, akamsogezea Verlene fomu ya kadi mpya.

"Ninazo mbili," alisema Verlene, akairudisha. "Nazimudu."

Wiki moja baada ya kutia saini mkataba wa kununua nyumba, Bwana Gorski alikuja kuchukua ngazi yake. Alifungua mlango, akaingia moja kwa moja hadi jikoni, kama alivyozoea kwa miaka kumi na mmoja.

Verlene aliweka mwiko chini.

"Bwana Gorski, rudi nje," alisema. "Ubishe hodi."